Wagonjwa Wote Wako Mzuri

Sijawahi kumdharau mtu kwa bidii kama nilivyomdharau tabibu wa tiba asilia aliyekuja kupima matibabu yake kwa wagonjwa waliolazwa katika hospitali moja ya misheni, upande wa Homa Bay. Nasema kwa bidii kwa sababu dharau ile ilikuwa kazi. Niliamka nayo, nikaipiga pasi pamoja na shati langu jeupe, nikaivaa mpaka jioni.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Afadhali angekuwa. Alikuwa mnene kidogo, mwenye sauti ya mhubiri wa redio, na alivaa ndala za ngozi hata siku za matope kwa kuwa, alisema, nyayo za binadamu zinahitaji kupumua. Alitoka Nairobi. Alisoma utabibu wake kwa njia ya posta, katika chuo cha ng'ambo ambacho hakuwahi kukiona, na cheti chake alikuwa amekitia ndani ya plastiki ili jasho lisikiharibu. Kila alipokitoa nilihisi uso wangu ukiwaka moto. Sababu ya moto huo nitaisema baadaye, kwa kuwa hainipambi.

Mimi shule niliiacha kidato cha pili, baba alipofariki. Yaliyobaki nilijifundisha. Kiswahili nilikipata kwenye kamusi iliyokosa kurasa za mwanzo, ndiyo maana hadi leo maneno yanayoanza na A hunitia wasiwasi. Udaktari niliupata kwenye kitabu cha wauguzi kilichotupwa, ambacho nilikiokota sokoni Migori kikifungiwa njugu. Nilikisoma chote kilichosalia, na kila ugonjwa niliousoma niliugua. Niliwahi kuwa na ini bovu kwa mwezi mzima. Nilikuwa mtu wa kurudi mlangoni kuhakikisha komeo limefungwa, kisha kurudi tena kuhakikisha kwamba sikulifungua nilipokuwa nikihakikisha.

Hospitalini nilifika kumuuguza mama yangu mdogo, aliyenilea. Huyo anauza vitunguu soko la Migori, vile vyekundu vinavyovushwa kutoka Tanzania, na ana ulimi unaoweza kumrudisha mteja aliyekwisha kuvuka barabara. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda kisichopona kwenye kisigino. Alikanyaga mwiba, alisema. Tulimleta huku kwa kuwa tuliambiwa wana daktari anayejua mambo ya sukari, na daktari huyo aliniambia wazi mbele ya kitanda: tukichunga sindano na kidonda, mguu utabaki. Tusipochunga, utakatwa. Mama aliyasikia hayo akiwa amegeukia ukuta.

Kazi niliipata kwa kuharibu ukuta huohuo. Palikuwa na tangazo la rangi, "Ni marufuku kutema mate ovio." Nilivumilia asubuhi moja. Mchana nikachukua kalamu, nikarekebisha. Sista mkuu wa wodi akaja akiwa ameshika kiuno.

"Ni wewe umechora ukuta wangu?"

"Nimesahihisha, sista. Ni 'ovyo'."

"Wagonjwa wangu wanatema damu, wewe unahesabu herufi." Akanitazama kwa muda. "Unajua Dholuo, Kiswahili na Kizungu? Basi kesho utamfuata yule daktari wa majani. Hakuna anayemwelewa."

Hivyo nikawa mkalimani.

Bodi ya hospitali ilitaka kujua kama tiba ya tabibu yule inafaa kupewa nafasi wodini. Wagonjwa wengine wangepata dawa za hospitali peke yake. Wengine wangepata dawa hizo pamoja na juisi ya karoti na mchicha, udongo uliolowekwa na kupakwa tumboni, saa za kimya, na maji ya moto na baridi ya kuoshea miguu kwa zamu. Baadaye wangelinganishwa. Wazo lenyewe halikuwa baya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ningeweza kumsamehe mpumbavu mwenye wazo la kipumbavu. Huyu alikuwa na swali zuri, dawa hii inasaidia au haisaidii, na alilishika kama mtu aliyeshika yai kwa koleo.

Kwanza, alijichagulia wagonjwa. Alipita kati ya vitanda akitabasamu, na waliomrudishia tabasamu ndio wakawa wake. Waliokuwa wamelala wamegeuka, wanatapika, wanaugulia, aliwaachia hospitali.

Mama alimtazama akipita, akaniambia kwa Dholuo, kwa sauti ya kusikika hadi kitanda cha tatu, "Huyu anaokota nyanya zilizoiva halafu atasema yeye ndiye aliyeziivisha."

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali nini? Haelewi. Wewe usipomtafsiria, ataelewaje?"

Naye pia alichaguliwa. Alikuwa ametabasamu kwa sababu alikuwa akimcheka.

Udongo aliletewa kwa magunia kutoka Lambwe. Aliueleza habari zake kwa kirefu: ni baridi, ni safi, unavuta sumu. Nikatafsiri kila neno. Mzee mmoja wa Takawiri, aliyekuwa na tumbo la maji, akauliza kama udongo huo ukimaliza kuvuta sumu utarudishwa Lambwe, maana ana shemeji huko anayepanda mahindi. Wodi ikacheka. Tabibu alicheka pia, akaniomba nimweleze walichocheka. Nikamwambia wanaushukuru udongo. Hilo ndilo neno pekee nililolipindisha makusudi, na silijutii.

Jambo la pili, na hili ndilo lililotaka kuniua, ni namna alivyouliza. Kila asubuhi alisimama mguuni pa kitanda, kalamu mkononi, akasema, "Habari ya leo? Unajisikiaje?"

Mgonjwa akajibu, "Mzuri."

Akaandika, akaenda kwa mwingine. "Habari ya leo? Unajisikiaje?"

"Mzuri, daktari."

Sasa mnijue nilivyo. Siku za kwanza kilichonikosesha raha ni sarufi. Kamusi yangu ilisema habari ni njema au nzuri, na mtu mzuri ni mwenye sura ya kupendeza. Wodi nzima, watu wa kuvimba na kukohoa, walikuwa wakitangaza kila asubuhi kwamba wanapendeza. Nilijaribu kuwasahihisha. "Mama, sema 'nzuri'." "Nzuri." Kesho yake: "Mzuri." Nililala nikiwaza konsonanti. Na huku nikiwaza konsonanti, mzee mmoja wa Kisegi, aliyekuwa na kifua, aliulizwa asubuhi habari yake, akainua mkono kutoka kwenye blanketi akasema mzuri sana. Kabla ya chakula cha mchana kitanda chake kilikuwa kimetandikwa upya.

"Ni huzuni," tabibu aliniambia. "Alikuwa ameanza kupata nafuu."

Hapo ndipo lilipoacha kuwa suala la konsonanti. Yule mzee hakutoa habari za kifua chake. Alijibu salamu. Hata mimi, niliyelelewa humo, nilikuwa nimesahau. Kwetu mtu akikuuliza *idhi nade*, unaendeleaje, unajibu *adhi maber*, naendelea vizuri, hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Kumjibu vingine mtu aliyesimama ni kumfukuza. Kwanza ni vizuri, kisha mgeni akae, kisha ng'ombe, mvua, nani ameoa. Habari yenyewe huja mwisho, mgeni anapoinuka na kusindikizwa. Huja na neno dogo, *to*, yaani lakini. Tuko wazuri, lakini mtoto alizikwa Jumanne. Kila kitu kilichowahi kutokea kwetu kilisimuliwa langoni, baada ya lakini.

Na tabibu wetu hakuwahi kukaa, wala kusindikizwa. Alikusanya salamu wodi nzima, akaziita matokeo.

Nilimweleza. Nilijitayarisha usiku kucha, nikapanga sentensi zangu, nikamweleza kwa Kizungu, kisha kwa Kiswahili, kwa hofu kuwa Kizungu changu kilikuwa na kasoro.

Akaniwekea mkono begani. "Kijana, kazi yako ni kuwa daraja. Daraja halina maoni."

"Lakini daktari, wanakusalimu tu."

"Wanasema wako mzuri. Wewe umetafsiri 'mzuri'. Je, umetafsiri vibaya?"

Hakuna swali ambalo lingeweza kuniumiza zaidi. Sikuwa nimetafsiri vibaya. Nilikuwa nimetafsiri sawasawa kabisa.

Basi ikafika zamu ya mama. Siku hiyo tabibu aliongeza swali. "Na maumivu, mama? Mguu unauma?"

"Hauumi," mama akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii mguu imenyamaza kabisa."

Tabibu akapiga makofi. Alipiga makofi kweli, nesi aliyebeba trei akashtuka. Alimwita sista, akamwambia ataongea na daktari apunguze sindano za mama, kwa kuwa mwili umeanza kujitibu. Jumatatu angeanza kumwosha miguu kwa maji ya moto na baridi ili damu iamke. Na kabla ya hapo, Ijumaa, bodi ikija kuangalia, angemwonyesha yeye wa kwanza.

Nilibaki pale kando ya kitanda. Kitabu changu kilichofungiwa njugu kilikuwa na ukurasa juu ya sukari na miguu, na nusu yake ilikuwepo. Ulisema mguu unaouma una tabu, lakini mguu uliokufa ganzi ndio wa kuogopwa, kwa kuwa mwenyewe hajui unapoumia. Maji ya moto kwenye mguu kama huo ni sawa na kuutia chunguni.

Nilimwinamia. "Mama, mguu unausikia?"

"Nausikia."

"Nikigusa hapa?"

"Nyathina, niko sawa," akasema, akatumia neno letu la mwanangu, lile ambalo hukomesha mazungumzo. "Nenda, daktari wako anakungoja."

Nikaenda! Nilikuwa nimesimama, bila shaka. Nilikuwa na kalamu mfukoni. Nilimuuliza kama wanavyouliza wao, akanijibu kama anavyowajibu wao.

Nilimfuata sista kwenye chumba cha dawa. "Sista, naogopa mguu wa mama umekufa ganzi."

"Wiki iliyopita uliniambia una kifafa."

"Nilikuwa na dalili."

"Na kabla ya hapo?"

"Figo."

"Basi." Alikuwa akipanga sindano, wauguzi wawili kwa wodi nzima. "Mwenyewe anasema anasikia. Nitamwangalia nikipata nafasi. Sasa toka, unaniziba mwanga."

Hayo ndiyo malipo ya mtu mwenye hofu. Anaogopa kila kitu, basi siku akiogopa kitu cha kweli hata yeye mwenyewe hajiamini. Nilikaa uani nikijiambia nimezua tena, kama ini, kama figo. Nilimchukia tabibu kwa uhakika wake. Ningetoa chochote kuupata hata nusu yake.

Ijumaa mwenyekiti wa bodi alikuja akiwa peke yake. Alikuwa mwalimu mstaafu, mfugaji kule bondeni Lambwe, mwenye kofia aliyoivua mlangoni pa wodi kana kwamba anaingia kanisani. Mimi nilikuwa nimeleta benchi kutoka varanda. Ningependa kusema nililileta kwa hekima. Nililileta kwa sababu niliogopa wageni wangesimama ovyo ovyo na wodi ingeonekana haina mpango. Mzee akaliona benchi, akashukuru, akaketi.

Tabibu alianza. "Huyu mama, mwenyekiti, alikuja na maumivu makali..."

"Pole pole, daktari," mzee akasema. "Bado sijamsalimu." Akamgeukia mama. "*Idhi nade*, mama?"

"*Adhi maber*, jaduong'," mama akajibu, akimwita kwa jina la heshima la mzee.

"Naona. Watu wa Migori mnaendeleaje na vitunguu?"

Wakaanza. Vitunguu, bei yake, uoza wake mvua inapozidi. Mbung'o wa Lambwe walivyommalizia mzee ndama. Binti wa nani aliolewa wapi. Tabibu alisimama akitazama saa, akahamisha uzito kutoka ndala moja hadi nyingine. Nilitafsiri mwanzoni, kisha akanipungia mkono niache, hakuna cha maana hapo.

Mwishowe mzee akaweka mikono magotini. "Haya, mama. Wacha niage."

Mama akashusha miguu kitandani, akatafuta fimbo yake.

"Mama, rudi kitandani!" sista akaita kutoka upande wa pili.

"Mgeni wangu aondoke peke yake kama mwizi wa kuku?" mama akamjibu. "Nitamfikisha mlangoni tu."

Akamfikisha. Alitembea kwa fimbo, mzee akipunguza mwendo kumlinganisha, mimi nyuma yao, tabibu nyuma yangu akipumua kwa pua. Mlangoni wakasimama. Mama akatazama uani, si usoni mwa mzee.

"*To* jaduong'," akasema.

Nililijua neno hilo.

"Lakini hiki kidonda si mwiba. Niliwadanganya watoto. Nilikuwa nimekaa jioni karibu na jiko la makaa, nikasikia harufu ya nyama. Nikasema jirani leo amechinja. Nikamwonea wivu. Kumbe ni mimi."

Mzee akautazama mguu.

"Mguu ulikuwa umelala juu ya jiko, na mimi sina habari. Nimesikia daktari akitaja kukata. Nikajua nikisema hausikii, wataukata. Sasa huyu anasema Jumatatu ataniwekea maji ya moto. Nitajuaje kama yamezidi? Niambie wewe, utawezaje kuyapima maji kwa mguu wa mtu mwingine? Maana huu si wangu tena."

"Anasema nini?" tabibu akauliza. "Kijana, anasema nini?"

Nikamwambia. Sikuongeza wala kupunguza, na kila neno lilisimama mahali pake. Sijawahi kutafsiri hivyo tena.

Alikunja uso. Alionekana kama mtu aliyeibiwa. "Lakini alisema yuko mzuri. Nimeandika. Kila siku, mzuri."

"Daktari," mzee akasema kwa Kiswahili, kwa upole wa mwalimu anayemrudishia mtoto daftari, "kwenu mgeni hasindikizwi?"

"Nina wagonjwa wengi, mwenyekiti. Sina nafasi ya kusindikizwa."

"Ndiyo. Nimeona."

Sista alikwisha kufika. Alimkalisha mama kwenye benchi langu, akamwambia afumbe macho, akamgusagusa unyayo kwa ncha ya pini. Mama alikaa akiwa amefumba, akingoja aanze kuguswa. Sista aliponyanyua kichwa alinitazama mimi, akaacha kunitazama.

Maji ya moto hayakuletwa Jumatatu. Sindano hazikupunguzwa. Daktari wa hospitali alifungua kidonda akakuta kimeingia ndani kuliko kilivyoonekana, na mama akapoteza vidole viwili. Mguu ulibaki. Aliporudi kutoka chumba cha upasuaji aliniuliza kama vile vidole vitazikwa au vitapewa paka, na kama ni paka, basi wamchague mnene.

Na ripoti ya tabibu? Niliisoma, kwa kuwa nilipewa niitafsiri. Lugha yake ilikuwa safi. Ilisema wagonjwa wa juisi na udongo, karibu wote, waliripoti kujisikia vizuri tangu siku ya kwanza. Haikumshtua kwamba ni tangu siku ya kwanza, kabla hata karoti hazijakunwa. Yule mzee wa Kisegi alikuwemo pia, katika waliopata nafuu, kwa sababu jibu lake la mwisho lilikuwa zuri. Bodi ikasema jambo hilo laweza kuangaliwa tena siku za usoni, namna bodi zinavyosema zikitaka kwenda kula. Tabibu akafunga magunia yake, akanishukuru kwa kazi nadhifu, akaenda kupima watu wengine mahali pengine. Sijui kama juisi ile ina faida. Huenda inayo. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Niliahidi kusema kwa nini cheti chake kilinichoma uso. Ni kwa sababu nilimtambua. Mtu aliyejifundisha peke yake, anayependa majibu yanayokaa sawa kwenye mstari, anayefurahi neno likiwa sahihi kuliko likiwa kweli. Tofauti yetu ni ndala. Yeye aliandika "mzuri" na mimi nilitaka kumwandikia "nzuri", na mguu wa mama ukiwa kati yetu, kimya. Namdharau bado. Najua ninamdharau nani.

Mama amerudi sokoni kwenye vitunguu vyake, na viatu vya raba alivyochongewa na fundi. Nikimtembelea namuuliza habari, anasema mzuri. Sibishani. Nakaa. Nikiaga, anachukua fimbo na kunisindikiza mpaka ua wa michongoma, nami natembea polepole kuliko yeye, makusudi, ili njia iwe ndefu. Juzi alisimama pale penye ua, akatazama barabara.

"Lakini nyathina," akasema.

Nilianza kumkagua miguu, mikono, macho.

"Lakini umekonda. Na hilo shati, ukizidi kulipiga pasi litaisha."